Utabiri wa Hali ya Hewa Siku za Baridi na Mvua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mawingu yakishuka na mvua ikaingia siku ya tatu mfululizo, maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa, kuanzia ya msingi hadi yale yanayowasumbua hata watu waliozoea kufuatilia hali ya hewa. Jambo moja litajirudia: siku kama hizi si kazi kujua kwamba mvua ipo. Kazi ni kujua saa, mahali na kiasi.

## Mambo ya msingi

Utabiri wa hali ya hewa una tofauti gani na kubahatisha?

Neno lenyewe linatuponza kidogo, kwa sababu kutabiri tumezoea kukusikia kwa mpiga ramli na mfasiri wa ndoto. Robert FitzRoy, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeanza kutoa utabiri wa kila siku gazetini mwaka 1861, alipambana na dhana hiyo hiyo. Alisisitiza kwamba anachotoa si unabii, ni maoni yanayotokana na vipimo na hesabu.

Hadi leo ndivyo ilivyo. Vituo vya ardhini, meli, ndege, rada na setilaiti hupima joto, unyevunyevu, upepo na mgandamizo wa hewa. Maputo yenye vipimo hurushwa, kwa kawaida mara mbili kwa siku, karibu na saa sita usiku na saa sita mchana kwa saa za dunia (UTC). Vyote huingizwa kwenye modeli, yaani programu ya kompyuta inayoigawa anga vipande vipande na kukokotoa kila kipande kitakuwaje baada ya dakika chache, kisha dakika chache tena, mpaka ifike siku ya kumi na zaidi. Lewis Fry Richardson, mwanasayansi wa Uingereza, alichapisha njia hii mwaka 1922 baada ya kuijaribu kwa kalamu na karatasi. Jibu lake lilikosea vibaya, lakini njia ilikuwa ya kweli, na mwaka 1950 watu wakafanikiwa kuitumia kwenye kompyuta ya ENIAC huko Marekani.

"Uwezekano wa mvua asilimia 40" maana yake nini?

Haina maana kwamba itanyesha asilimia 40 ya siku, wala kwamba asilimia 40 ya mji italowa, wala kwamba mvua itakuwa ndogo. Maana yake ni hii: tukichukua siku kumi zenye anga kama la leo, katika siku nne mahali ulipo patapata mvua inayopimika, na sita hapatapata. Kiasi gani kitanyesha ni habari nyingine kabisa, nayo hutolewa kwa milimita.

Kwa hiyo asilimia 40 ikifuatwa na siku kavu, utabiri haukukosea. Ili kumpima mtabiri inabidi ukusanye siku zake zote alizosema 40, uhesabu ngapi zilinyesha. Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alipendekeza mwaka 1950 njia ya kupima utabiri wa asilimia, na bado inatumika. Mtabiri anayesema 40 na mvua ikanyesha mara nne katika kumi ni mkweli, hata kama kila asubuhi kuna mtu anamlalamikia.

Kosa ninaloliona zaidi ni kusoma asilimia bila kuangalia ni za muda gani. Asilimia 40 kwa saa moja ni jambo zito. Asilimia 40 kwa siku nzima ni jambo la kawaida sana.

Milimita za mvua ni kipimo cha nini?

Ni kina cha maji ambayo yangesimama juu ya sakafu bapa kama yasingepotea. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 10 limepokea lita 500. Ukishalijua hili, namba kwenye utabiri zinaacha kuwa namba tu.

Manyunyu, mvua ya kutwa na mvua ya ghafla: kwa mtabiri ni kitu kimoja?

Hapana, kila moja ina wingu lake na ugumu wake. Manyunyu ni matone yasiyofika nusu milimita kwa upana, kutoka mawingu mapana ya chini. Mvua ya kutwa inatoka kwenye wingu zito la kijivu lililofunika anga lote, na hunyesha kwa mwendo karibu ule ule kwa saa nyingi. Mvua ya ghafla inatoka kwenye wingu lililopanda juu kama mnara.

Nina kipima mvua kwenye nguzo mbali na nyumba. Kipindi kimoja kilinifunza tofauti hii kuliko maelezo yoyote. Manyunyu yalianza jua likizama, usiku kucha vioo vikawa vinatoa jasho, nguo kwenye kamba hazikukauka hata upindo, na asubuhi nikakuta milimita mbili tu. Kesho yake alasiri wingu moja likapita kwa dakika ishirini na kuacha kumi na moja. Siku iliyotuchosha ndiyo iliyokuwa na maji machache.

## Kuhusu baridi

Kwa nini mvua ikianza hewa inapoa ghafla?

Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza, tone linapopita kwenye hewa isiyoshiba unyevu, sehemu yake huwa mvuke, na ili maji yawe mvuke lazima yachukue joto mahali. Yanalichukua kwenye hewa hiyo hiyo. Ya pili, mvua kubwa hushuka na hewa ya baridi kutoka juu. Ule upepo unaokupiga usoni kabla ya tone la kwanza ndio huo.

Kuna la tatu: wingu linazuia jua. Hilo halileti baridi ya ghafla, lakini linazuia mchana usipate joto, na siku zikifuatana ardhi na kuta nazo hupoa.

Simu inasema nyuzi joto 14. Mbona mimi nasikia baridi kuliko hapo?

Kwa sababu simu inakupa joto la hewa, na mwili hausikii joto la hewa peke yake. Unasikia kasi ambayo joto lako linakutoka. Upepo unaondoa tabaka jembamba la hewa vuguvugu lililo juu ya ngozi. Nguo iliyolowa inafanya kazi mbaya zaidi: maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, na bado yanaendelea kukauka na kuchukua joto jingine.

Programu nyingi huonyesha pia joto "linalosikika". Isome kwa uangalifu. Fomula ya baridi ya upepo inayotumika Marekani na Kanada tangu mwaka 2001 ilitengenezwa kwa kufikiria uso wa mtu anayetembea, na haihesabu nguo zilizolowa. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza joto la mwili kwa kiwango cha hatari hata hewa ikiwa nyuzi 10 au zaidi, ikiwa amelowa, kuna upepo na hana pa kujisitiri. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu watu hudhani hatari hiyo ni ya nchi za barafu tu. Kama kuna mtoto mdogo, mzee au mtu anayefanya kazi nje, angalia upepo na mvua kwanza, kisha ndiyo uangalie nyuzi.

Kwa nini joto la mchana na la usiku linakaribiana?

Wingu ni blanketi na ni mwavuli kwa wakati mmoja. Mchana linakata jua. Usiku linarudisha chini joto ambalo ardhi ingelipoteza kwenda angani. Kipindi cha mvua kikikaza, tofauti kati ya alasiri na alfajiri inaweza kuwa nyuzi tatu nne tu.

Basi mawingu yakiondoka, usiku utakuwa na joto zaidi?

Kinyume chake, na hapa wengi hushikwa. Usiku wa kwanza wenye nyota baada ya siku za mvua mara nyingi ndio baridi yake inayochoma zaidi, kwa sababu blanketi limeondolewa. Upepo ukitulia, hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni, na asubuhi unakuta ukungu. Utabiri wa eneo zima unaweza kusema nyuzi 9 na bonde lako likashuka hadi 5. Mwenye mazao au mifugo bondeni aliweke hilo akilini.

Kipimajoto changu hakikubaliani na utabiri. Kipi ni sahihi?

Angalia kwanza kimewekwa wapi. Vituo rasmi hupima kivulini, kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi, mahali pa wazi, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa. Kisanduku hicho kilibuniwa na Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa na baba wa mwandishi Robert Louis Stevenson. Kipimajoto kilichoning'inia ukutani kinapima nyumba yako kuliko kinavyopima hewa.

Ikiwa umekiweka vizuri na tofauti ni ile ile kila siku, huenda ni mwinuko. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000, na programu inaweza kuwa inakufanyia hesabu ya mwinuko usio wako. Ijue tofauti hiyo, uijumlishe au uitoe mwenyewe.

## Utabiri unapokosea

Walisema mvua, mtaa wangu haukupata hata tone. Kwa nini?

Modeli za dunia nzima huiona ardhi kwa miraba. Ile ya Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Masafa ya Kati, miongoni mwa bora kabisa, ina miraba ya takriban kilomita 9. Ndani ya mraba mmoja kilima, bonde, ziwa na mtaa wako vinachanganywa kuwa kitu kimoja. Wingu la mvua ya ghafla linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Modeli inajua kwamba mawingu ya aina hiyo yatakuwepo, haijui litamwagia nani.

Mvua ya kutwa ni tofauti. Hiyo hufunika eneo kubwa, na ikitabiriwa huwa inafika, ingawa inaweza kuwahi au kuchelewa saa kadhaa. Unaposoma "vipindi vya mvua katika maeneo machache", hayo si maneno ya kujikinga na lawama. Mtabiri anakwambia ni mvua ya aina gani.

Naweza kuamini utabiri wa siku ngapi mbele?

Kwa kipindi cha baridi na mvua, mimi hutumia hivi: saa chache zijazo natazama rada (tazama swali la rada hapa chini), kesho na keshokutwa napanga shughuli, siku ya tatu hadi ya tano natazama mwelekeo, baada ya hapo najua tu kama kipindi kinaelekea kuendelea au kuisha. Utabiri wa saa kwa saa wa siku ya tisa programu zitakuonyesha bila aibu, lakini usipange nao harusi.

Sababu ilielezwa na Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, mwaka 1963: katika mfumo kama wa anga, tofauti ndogo mwanzoni hukua mpaka inabadilisha kila kitu. Hatuwezi kupima kila punje ya hewa, kwa hiyo kosa dogo lipo tangu mwanzo. Kikomo cha utabiri wa siku kwa siku ni kama wiki mbili.

Kwa hiyo watabiri hawaendeshi modeli mara moja. Kituo hicho cha Ulaya kilianza mwaka 1992 kuiendesha mara nyingi, kila mara kwa kubadilisha kidogo vipimo vya mwanzo, na leo hupata matokeo 51. Karibu yote yakisema mvua Alhamisi, jiandae. Nusu yakisema kavu, hapo ndipo asilimia 50 inapozaliwa.

Programu mbili kwenye simu moja zinapingana. Niamini ipi?

Kila moja huenda inatumia modeli yake, au modeli moja ya saa tofauti. Usichague inayokupendeza. Kupingana kwenyewe ni habari: kunakwambia hali haina uhakika. Baada ya hapo soma maelezo ya mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yako, kwa sababu hapo kuna binadamu anayelijua eneo na aliyezitazama modeli zote. Picha ya wingu kwenye simu mara nyingi haikupita mikononi mwa mtu yeyote.

Utabiri wa jana ulisema Jumamosi kavu, leo unasema mvua. Wanacheza na akili zetu?

Wamepata vipimo vipya. Mtabiri anayekataa kubadilika baada ya kuona vipimo vipya ndiye wa kuogopwa. Ila angalia namna ya kubadilika: ukiona unayumba mvua, kavu, mvua, kavu kila siku, chukulia kama nusu kwa nusu bila kujali neno la mwisho.

Kwa nini mvua inang'ang'ania mahali pamoja siku nyingi?

Mara nyingi kuna eneo la mgandamizo mdogo wa hewa lililosimama au linalosogea polepole. Maeneo ya nje ya tropiki (ukanda wa karibu na ikweta) wakati mwingine mzunguko kama huo hukatika kutoka kwenye upepo mkuu wa juu uliokuwa unausukuma, ukabaki unazunguka papo hapo. Kwingine ni milima: upepo wenye unyevu wa bahari ukiendelea kuvuma kuelekea mlimani, unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga. Upande unaotazama upepo unalowa wiki nzima huku upande wa pili watu wanaanika nguo.

Kwa nini siku ya kuisha kwa kipindi cha mvua ndiyo ngumu kuliko zote kutabiri?

Wingu la chini la siku za baridi linaweza kuwa na unene wa mita mia chache tu, limebanwa chini ya tabaka la hewa yenye joto zaidi. Kuliondoa kunategemea jua kulipenya au upepo kuongezeka kidogo, na modeli haioni vizuri tabaka jembamba namna hiyo. Saa mbili za jua mapema au kuchelewa zinaweza kubadilisha joto la mchana kwa nyuzi tano au zaidi.

## Kutazama mwenyewe

Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mawingu gani?

Mvua ya kutwa huja kwa hatua. Kwanza mawingu membamba kama nyuzi za kushonea juu kabisa, kisha utandu mweupe unaoweza kuweka duara kuzunguka jua au mwezi. Duara hilo linatokana na chembe za barafu zilizo juu sana, na husema unyevu unaongezeka, ingawa halithibitishi mvua. Kisha utandu unakuwa mzito, jua linaonekana kama nyuma ya kioo cha bafuni, halafu linapotea. Ukiona mfuatano huo na kila wingu likija chini ya lililotangulia, una saa kadhaa.

Mfuatano huu ni wa maeneo yaliyo mbali na ikweta zaidi, ambako hewa ya joto na ya baridi hukutana kwa mstari mrefu. Tropiki, tazama zaidi mawingu yanayopanda juu kabla ya adhuhuri: yakiwa marefu kuliko mapana mapema hivyo, alasiri ina kazi.

Simu yangu ina barometa (kipima mgandamizo wa hewa). Naitumiaje?

Usiangalie namba, angalia inaelekea wapi. Mgandamizo ukishuka mfululizo kwa saa kadhaa, hali inaharibika. Ukipanda mfululizo, inatengemaa. Kaa mahali pamoja unapopima, kwa sababu ukipanda mita 8 tu namba inashuka kama hektopaskali 1 (hicho ndicho kizio cha mgandamizo wa hewa). Ghorofa tatu zinaweza kukudanganya kwamba dhoruba inakuja.

Na kama unaishi tropiki kuna mtego ambao miongozo mingi huusahau. Huko mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, mvua iwepo isiwepo: unafika juu karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Mteremko wa mchana wa hektopaskali mbili tatu ni mapigo ya kawaida ya anga. Linganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana.

Rada haionyeshi kitu na mimi nalowa. Imeharibika?

Huenda ni nzima. Mwali wa rada huelekezwa juu kidogo, na dunia nayo inajipinda chini yake. Mwali ulioinuliwa kwa pembe ya nusu digrii, ukifika kilomita 100, uko takriban kilomita moja na nusu juu ya ardhi ya usawa wa rada. Manyunyu ya wingu la chini yanazaliwa chini ya hapo, kwa hiyo rada inapita juu yake bila kuyaona. Siku za baridi hili ni la kawaida sana. Kwa mvua ya ghafla, rada haina mpinzani: tazama picha tatu nne mfululizo, ona wingu linaelekea wapi, na ujipangie saa moja ijayo.

Nipimeje mvua bila kununua kifaa?

Chombo chenye kuta zilizonyooka wima na kitako bapa, rula, na mahali pa wazi. Kiwe mbali na mti au ukuta angalau mara mbili ya kimo cha mti au ukuta huo. Pima kila siku saa ile ile, na usiache maji yakae hadi jua lichukue sehemu yake. Baada ya msimu mmoja utajua kama mahali pako hupata zaidi au pungufu ya kinachotabiriwa, na hakuna programu inayoweza kukupa hilo.

## Hali za pembeni

Itakuwa mvua au theluji?

Palipo na uwezekano huo, nyuzi moja inaamua. Theluji inaweza kufika chini hata hewa ikiwa juu kidogo ya sifuri, hasa hewa ikiwa kavu, kwa sababu ile iliyoelezwa kwenye swali la hewa kupoa ghafla. Mvua inayoganda ikigusa ardhi ndiyo ya hatari zaidi, kwani barabara inaonekana imelowa tu.

Utabiri wa msimu unasema "juu ya wastani". Kila wiki itanyesha?

Hapana. Miaka iliyopita hugawanywa mafungu matatu yaliyo sawa: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani. Bila habari yoyote kila fungu lina theluthi moja. Utabiri ukilipa fungu la juu asilimia 50, umeegemea huko, lakini nusu iliyobaki ipo. Na msimu wa juu ya wastani unaweza kuwa na wiki tatu kavu katikati.

Akili bandia imemaliza tatizo hili?

Imesaidia sana. Februari 2025 Kituo cha Ulaya kiliingiza rasmi modeli ya aina hiyo katika utabiri wake wa kila siku, ikienda sambamba na ile ya zamani. Inajifunza kutokana na kumbukumbu za hali ya hewa za miongo mingi na hutoa jibu haraka mno. Lakini inahitaji vipimo vile vile vya mwanzo, na modeli za namna hii huwa na tabia ya kulainisha mvua: kilele kikali cha mahali padogo kinapungua na kusambazwa.

Mvua imekatika na jua limetoka. Kwa nini tahadhari haijaondolewa?

Kwa sababu inahusu maji, na maji hayajamaliza safari. Mvua iliyonyesha juu ya bonde jana inaweza kufika daraja la chini leo au kesho, chini ya anga la buluu. Ardhi iliyoshiba haimezi tena, kwa hiyo milimita 10 za leo zinatiririka zote pale ambapo wiki iliyopita zingepotea udongoni. Miteremko nayo inaweza kuporomoka saa nyingi baada ya tone la mwisho. Ufa mpya ardhini, mti ulioanza kuinama au chemchemi iliyobadilika kuwa tope ni sababu ya kuondoka hapo bila kungoja tangazo. Kabla ya kuvuka mto, uliza kumenyesha kiasi gani huko mto huo unakotoka.